Marehemu Ana Presha

Mume wangu Ndaki alikufa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka juzi, kwenye benchi la bluu mbele ya dirisha la mapokezi la hospitali moja mjini Geita. Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu mshahara wangu sasa unatoka hapo. Niliomba kazi pale makusudi, tena kwenye dirisha lile lile. Watu walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Sikuwa nimechanganyikiwa hata kidogo.

Nieleze kwanza habari ya mfuko.

Kule Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, mawe yakishatolewa chini yanagawanywa mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia. Mwenye shamba anachukua mifuko yake, mwenye duara yake, na wachimbaji yao. Mwenye duara letu alikuwa Deusdedit, mtu mnene wa kucheka sana, mwenye magari mawili na nyumba ya ghorofa Chato. Miaka miwili mfululizo, kila mgao alikuwa anaweka mguu juu ya mfuko mmoja wa wachimbaji na kusema, "Huu ni wa bima yenu, vijana. Mtu akiumia atatibiwa kama mbunge." Hakuna aliyewahi kumuuliza bima hiyo iko wapi. Mdomoni mwa duara hatugombani. Tunaamini kelele zinafukuza dhahabu, kwa hiyo mtu anameza neno lake na kubeba mfuko wake. Deusdedit aliijua imani hiyo vizuri kuliko sisi wenyewe, na aliitumia.

Ndaki ndiye aliyekuwa anafunga matimba, zile nguzo zinazoshikilia kuta za duara. Siku hiyo gogo lilimpiga tumboni. Hakutoka damu nje, na ndilo lililotudanganya. Tulimfikisha dirishani akiwa bado anaongea, analalamikia shati lake jipya lililochanika. Msichana wa dirishani akaandika jina, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Hayupo kwenye mfumo, mama. Leteni hela ya kianzio."

Nikampigia Deusdedit. Akaniambia jina litakuwa limekosewa tu, nivumilie kidogo, analifuatilia. Nikavumilia. Athanas, aliyekuwa anachimba naye, alikimbia kutafuta pesa. Aliporudi nazo, mimi nilikuwa nimepakata kichwa cha mume wangu, na hakuwa ananilalamikia tena shati.

Mazishini Deusdedit alichinja ng'ombe. Watu wakamsifu.

Nina cheti cha kidato cha nne ambacho kilikuwa chini ya godoro miaka yote niliyouza chapati machimboni. Nikakitoa, nikasoma kozi ya kompyuta miezi sita, nikapata mkataba wa karani wa mapokezi. Niliposhika kiti kile sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba Deusdedit ni binadamu, na binadamu anaugua.

Alikuja Alhamisi, siku ya kliniki ya sukari na presha. Mimi nilikuwa nimevaa barakoa na kilemba. Isitoshe, Deusdedit hajawahi kumtazama usoni mwanamke anayemhudumia. Miaka yote alikula chapati zangu akiwa anaangalia simu. Akasukuma kadi kwenye kitundu cha dirisha. Kwenye picha alikuwa yeye, mashavu na yote. Chini ya picha paliandikwa: Ndaki Mageni Shija.

Nilisoma mara tatu. Namba ya kitambulisho ilikuwa ya mume wangu, ile niliyompelekea mwenyewe Deusdedit ikiwa kopi, alipodai vitambulisho vyetu kwa ajili ya bima. Kadi ilikuwa imetolewa miezi mitano baada ya mazishi.

Baadaye nilielewa. Mambo ya bima ya lazima yalipoanza kuvuma, kikundi cha wenye maduara kilidaiwa orodha ya wachimbaji. Deusdedit akapeleka majina ya zamani haraka haraka, picha wakabandika wenyewe. Na kwa utaratibu wa kikundi chao, mwenye duara alitakiwa kuchangia kwa kiwango cha mwenye mali, kibarua kwa kiwango cha kibarua. Mwenye ghorofa ya Chato akaona ni nafuu awe kibarua. Jina moja lilikuwa halina mwenyewe, akalivaa.

Nikamchapia karatasi ya kumwona daktari na kumwambia, "Chumba namba nne." Akaondoka bila kusema asante.

Alipopotea koridoni nilifungua faili. Kumbe mume wangu aliyelala Nyarugusu chini ya msalaba wa mbao ana presha. Ana sukari. Ana kidonda cha mguu wa kushoto. Ameshauriwa atembee nusu saa kila siku na apunguze chumvi. Nilicheka kwa uchungu mpaka mgonjwa aliyefuata akaniuliza kama niko sawa.

Ningeweza kupiga kelele siku hiyo hiyo. Nilikataa. Deusdedit angesema ni jina limekosewa tu, kama alivyosema siku ile, na wakubwa wangemwamini.

Mwezi uliofuata uliitishwa mkutano wa kijiji Nyarugusu. Mwenyekiti, mzee Hamza, alileta mapendekezo mawili yajadiliwe. La kwanza, asiye na kadi ya bima atozwe faini na asishuke duarani. La pili, kila mfuko wa mawe unaotoka ukatwe tozo kidogo, iwakatie bima wajane na wazee. Niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Athanas ndiye aliyeanza. "Mwenyekiti, kadi nimeshindwa kununua. Sasa hiyo faini nitalipa na nini? Mnaniadhibu kwa kuwa sina, halafu mnanikataza kushuka nikatafute!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema tozo ni nzuri lakini akauliza nani atalinda hizo pesa, maana mifuko ya bima tumeshaiona ikiondoka. Macho ya watu yalielekea mbele, kwenye kiti cha plastiki cha Deusdedit.

Akasimama, akarekebisha mkanda. Tozo kwa wenye maduara, alisema, itaua uchimbaji. Sisi tayari tunabeba mzigo mkubwa. Ila faini aliiunga mkono kwa mikono miwili. "Tatizo la watu wetu ni kupenda vya bure. Bila adhabu hawaelewi. Mimi nasema faini iongezwe!"

Nilinyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee Deusdedit."

"Marahaba, Mama Blessing. Poleni sana tena." Sauti ya mazishini, ile ile.

"Nina swali dogo. Asiye na kadi mmempangia faini. Na anayetibiwa kwa kadi ya mwenzake, je?"

Hakubabaika, nampa sifa yake. Ila mkono wake ulipanda taratibu ukagusa mfuko wa shati, kama anahakikisha kitu bado kipo.

"Huyo ni mwizi," akasema kwa sauti kubwa. "Huyo anakula dawa za wagonjwa. Alipe mara tatu ya alichokula, na asimame mbele ya mkutano kama huu ataje jina lake, watu wamjue!"

"Naunga mkono," nikasema.

Wakamshangilia. Faini ya wasio na kadi iliahirishwa, tozo ikaahirishwa, lakini hilo la mwizi wa kadi lilipita bila kupingwa, na mtendaji akaliandika kwenye muhtasari. Athanas alinifuata baadaye akaniuliza kwa nini namshangilia mtu aliyetuua. Nikamwambia asubiri.

Kilichobaki kilikuwa karatasi moja. Huku kwetu mtu akizikwa amezikwa. Cheti cha kifo wanafuatilia wenye nyumba na viwanja vya kurithi. Mke wa mfunga matimba atarithi nini mpaka apange foleni? Deusdedit alikuwa ametegemea hilo. Hesabu yake yote ilisimama juu ya umaskini wetu, kwamba Ndaki ataendelea kuwa hai kwenye makaratasi kwa sababu hakuna mwenye nauli ya kwenda kumfuta.

Ilinichukua miezi mitatu. Barua ya mtendaji, mashahidi wa mazishi, njoo kesho, njoo Jumatatu, muhuri umefungiwa. Na katika miezi hiyo nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila Alhamisi baada ya Deusdedit kuondoka nilifungua faili nikasoma. Ndaki Mageni Shija, miaka arobaini na moja. Kilo zimepungua mbili. Anaendelea vizuri. Nilijua fika ni mwili wa nani unaoandikwa pale. Lakini jina lilikuwa lake, na mahali pengine pekee jina hilo lilipoandikwa palikuwa kwenye msalaba. Nyumbani nikajikuta napunguza chumvi kwenye mboga. Blessing, binti yetu wa miaka tisa, akalalamika. Nikamwambia ndiyo afya.

Cheti kilipotoka nilikipeleka kwa afisa wa bima pale hospitalini, bwana mpole anayeitwa Luka.

"Mume wangu amefariki. Naomba kadi yake ifungwe."

"Pole sana, mama. Lini?"

"Mwaka juzi."

Akabonyeza bonyeza, akakunja uso. "Mbona alikuwa hapa Alhamisi iliyopita?"

"Ndiyo. Nilimwandikisha mimi."

Nikamwekea mezani cheti, picha ya harusi yetu na kopi ya muhtasari wa kijiji. Alipomaliza kusoma alitaka apige simu polisi hapo hapo. Nikamwomba aandae barua yake kwa polisi lakini asubiri Alhamisi.

"Mama Blessing, utaratibu hauko hivyo."

"Utaratibu ni kwamba kadi ikifungwa, dirisha linamjulisha mwenye nayo. Dirisha ni mimi."

Akaifunga kadi nikiwa nimesimama nyuma yake.

Alhamisi Deusdedit alikuja akichechemea, jasho likimtoka kwenye kipara. Foleni ilikuwa ndefu. Akaipita kama kawaida yake. Akasukuma kadi.

"Fanya haraka, mama. Leo sijisikii vizuri."

Kwenye dirisha letu kuna kipaza sauti cha kuita wagonjwa. Nikakiwasha.

"Ndaki Mageni Shija."

"Ndiyo mimi. Niko hapa mbele yako."

"Mfumo unasema umefariki."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kidogo. "Mfumo unakosea. Rekebisha. Mimi si huyu hapa?"

"Haukosei. Ulikufa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, kwenye benchi hilo lililo nyuma yako. Nilikupakata kichwa mimi mwenyewe."

Nikavua barakoa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Deusdedit alinitazama usoni.

"Shikamoo, mzee Deusdedit," nikasema.

Akainama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Mama Blessing, zima hicho kidude. Tutayamaliza. Sema unataka nini."

"Jina. Nikuandike kama mgonjwa mpya. Huyu amekufa, siwezi kumtibu."

Akatazama foleni. Kulikuwa na watu wa Nyarugusu mle, na watu wa Rwamgasa wanaomjua. Akarudi nyuma, akakaa kwenye benchi la bluu. Nikaendelea na mgonjwa aliyefuata.

Nesi Mwahija akaja mbio. "Mama Blessing, huyu baba anatetemeka, sukari imeshuka. Mpitishe!"

"Sina jina la kuandika."

"Unamjua!"

"Akilisema nitaandika."

Mwahija alinitukana, akamkimbilia na soda. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya, nami sikumzuia. Lakini karatasi ya daktari ilikuwa kwangu, na nilikaa juu yake dakika kumi na moja. Niliangalia saa. Nilitaka akae pale, asikie ubao wa benchi lile ulivyo mgumu, ajiulize kama kuna mtu anakimbia kumtafutia pesa. Watu wa kanisani wameniambia zile dakika nizitubie. Nimejaribu, moyo umekataa.

Hatimaye akasimama, ameshika ukuta. Nikamsogezea kipaza sauti kwenye kitundu.

"Deusdedit," akasema.

"Hawajasikia."

"Deusdedit, mwenye duara, Nyarugusu. Kadi ni ya kibarua wangu. Marehemu."

Hakuna aliyecheka. Nikachapa karatasi yenye jina lake kamili, nikampa. Chumba namba nne. Afisa Luka alikuwa anamsubiri mlangoni na barua, na alimwacha aonwe na daktari kwanza.

Hakufa. Sikutaka afe, maiti haitaji jina lake. Wiki mbili baadaye alisimama Nyarugusu mbele ya mkutano, kwa adhabu aliyoitunga mwenyewe, na mzee Hamza akamsomea muhtasari neno kwa neno. Alipomaliza kutaja jina, Athanas akauliza habari ya mifuko. Halafu wa pili akauliza, na wa tatu. Kelele ilikuwa kubwa, na hakuna aliyejali kama dhahabu inakimbia. Kesi ya mahakamani bado inaendelea. Nahudhuria kila tarehe, nakaa mstari wa mbele.

Ila ile Alhamisi, kabla sijatoka kazini, nilifungua faili kwa mazoea. Neno lilikuwa moja tu, Marehemu, na kurasa zote za ndani zimefungwa. Hakuna kilo, hakuna presha, hakuna aliyeshauriwa chochote. Nililia pale pale kwenye kiti, miaka miwili baada ya mazishi, wafagiaji wakinipita.

Jioni nikapika mboga. Blessing akaonja, akaacha kijiko.

"Mama, mbona leo umetia chumvi nyingi hivi?"

"Kula," nikamwambia. "Baba yako ndivyo alivyokuwa anaipenda."