Cheti cha Nyaruai Mdogo

…na usimwambie mtu, Rosaline, nimemwambia, apa kwanza, naye akalamba kidole akakielekeza juu, haki ya Mungu, Mama Ngige, hili linafia hapa, basi nikamnong'onezea kwamba ni kocha, kocha Gachanja mwenyewe ndiye aliyempa yule msichana cheti cha mtu mwingine, mimi nina habari kutoka ndani, na kabla sijafunga mdomo Rosaline ameshamgeukia mwanamke wa nyuma mwenye mwavuli, usimwambie mtu, namsikia, hata kupumua hajapumua, huyu Rosaline wa soko la Chwele hawezi kukuuzia nyanya bila kukujazia na maneno juu… nami nilijua, kama ningetaka ikae siri ningemwambia ng'ombe, nilimwambia Rosaline kwa sababu ni Rosaline, na sasa imeshuka safu mbili, naiona ikienda, vichwa vinainama na kuinuka, vinainama na kuinuka, na mbio hazijaanza, wasichana wamesimama kwenye mstari wamekunja mikono kwa baridi, mwenye bastola ya kuanzisha mbio ameiteremsha, uwanja mzima wa Bungoma unatazama ile meza ya wasimamizi ambapo wamesimama watu wanne tu, mwanamume wa kofia nyekundu mwenye kipaza sauti, kocha, na wajukuu wangu wawili, Nyaruai na Nyaruai. Ati namba moja ya cheti cha kuzaliwa imeandikishwa mara mbili, anasema kofia nyekundu, mara ya kwanza na mkimbiaji kutoka shule ya kocha kule Kitale, mara ya pili, kwa nakala, na mchezaji wa netiboli wa shule nyingine, sasa tuelewe, nani ndiye na nani siye… na nani angejua huyu mdogo angeingia netiboli, huyu ambaye hata kikombe cha chai alikuwa habebi bila kujikwaa mlangoni, nilihesabu kila kitu, netiboli sikuihesabu. Watu wa huku wanacheka, ati dada wawili jina moja, si dada, ni binamu, kwetu ndivyo, mtoto wa kike wa kwanza wa kila mwanangu lazima achukue jina langu, Ngige akapata Nyaruai, Wanyoike akapata Nyaruai, tukikutana uani kwetu ukiita tunaitika watatu, nami nilikuwa naona raha, najiona niko hai mara tatu, na ujanja wote ulitoka hapo, kwa sababu msichana akibeba cheti cha mwenzake hukamatwa akiitwa, anaitwa Judy anabaki anashangaa kwa sababu yeye ni Chepchumba, lakini wangu mkubwa, wa Ngige, akiitwa anageuka, mbio mbio, jina la baba tu ndilo alilokariri, Wanyoike, Wanyoike, nilimkaririsha mimi tukichambua maharagwe. Ana miaka ishirini. Amezaa, akakaa nyumbani, akarudi shuleni, na miguu yake iko vilevile, hawa wa mstarini mwisho wao ni kumi na minane na angewaacha kama wamefungwa kamba, na kuna watu wa chuo wako hapa leo wanachagua wa kusomesha, basi ningefanyaje, nimwangalie akichuma chai ya watu mpaka meno yang'oke… cheti cha mdogo kilikuwa kwenye sanduku la Wanyoike, chini ya suti ya harusi, nikakitoa wakiwa kanisani. Kocha hakujua. Hilo ndilo. Kocha hakujua hata chembe. Alipoletewa jina alikuja kwangu mwenyewe, akavua kofia, kocha mzima ambaye wazazi humngojea barabarani kumsalimia, akaniuliza, Mama Ngige, huyu ni wa mwaka gani, wengine huwa nauliza darasa la kwanza walianza lini, natazama mpaka mikono, lakini wewe nakuuliza tu, nami nikamwambia huyu ni wa Wanyoike, nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa, akasema basi, imetosha… imetosha, alisema hivyo, akanywa chai akaenda. Rosaline ananigusa kiwiko, ati wanasema alipewa ng'ombe wawili, nani, kocha, ng'ombe wa nani, sijui, wanasema, na kutoka upande wa kushoto habari yangu inanirudia ikiwa imevimba, mwanaume mmoja anaapa kwamba yule msichana ana watoto watatu, mmoja tu, nusura nimpigie kelele, mmoja, mshenzi wewe… na kocha hata ndama hajawahi kupokea, nilimjua akiwa kijana wa fomu tatu, mimi mpishi wa shule, yeye miguu kama fito, alikuwa anakimbia peku na hakuna aliyemwona mgongo karibu pale Kitale, wakamleta huku huku Bungoma, na akawa wa tatu, nyuma ya wanaume wawili wenye ndevu, ndevu mama, mmoja alipomaliza alipokelewa viatu na mke wake mwenye mtoto mgongoni, na jioni ile Gachanja alikuja jikoni akalala juu ya magunia ya maharagwe akalia, nami nikamkwangulia ukoko wa sufuria kwa sababu anaupenda, akasema Mama Ngige, siku moja nitakuwa kocha na hakuna mtoto atakayeibiwa hivi mbele yangu, miaka thelathini ameshikilia neno hilo, ameacha vikombe viende kwa wengine, wakamwita mjinga, wakaja wakamwita mwalimu, mpaka hawa wasimamizi wakiona orodha yake wanapiga muhuri bila kusoma… bila kusoma, wameisoma leo.  Simama tu, Mama Ngige, najiambia. Magoti unayo. Sema, enyi watu, ni mimi, neno hilo ni fupi, mimi niliyesema ya kila mtu, nilisema nani amelala kwa nani, nikasema ya pasta na bado nikaimba kwaya, leo ulimi umekauka kama kipande cha ngozi… kwa sababu Wanyoike aliniambia, mwaka jana nilipouza yule jogoo wake, alinisimamia mlangoni akasema mama, ukigusa kitu changu tena utaenda kwa Ngige, na Ngige anakaa chumba kimoja na watu sita, nitalala wapi, juu ya jiko, na huyu mdogo naye, akijua bibi yake nimemwibia cheti, ataniita shosho tena kweli… Msichana wa netiboli amesema ni chake, kofia nyekundu anatangaza, na huyu wa mbio hasemi kitu, mwalimu, hebu tusaidie, na kocha anachukua kipaza sauti, anamtazama Nyaruai mkubwa ambaye ameinamia viatu vyake, halafu anainua macho, anakuja nayo polepole safu kwa safu mpaka kwangu, anayatua hapo, na ninajua anajua, yote, sasa hivi, uso wake ni ule wa juu ya magunia… anasema, makosa ni yangu, mimi ndiye niliyemwandikisha. Basi. Hakuninyoshea kidole. Uwanja unazomea, mwizi, mwizi wa watoto, kijana mmoja anapiga mluzi, tangu lini, wanauliza, tangu lini amekuwa akifanya hivi, na yale mataji ya zamani je, Rosaline naye anazomea mkono mdomoni, alikuwa ameapa, na kofia nyekundu anasema cheti chenyewe, ile karatasi ya asubuhi, iko wapi, kocha anasema sijui, hajui kweli, iko kifuani kwangu imelowa jasho, mkubwa alinipa niiweke. Na mkoba wa kocha uko miguuni pangu. Alinikabidhi mwenyewe, nishikie hapa, Mama Ngige… ameshasema ni yeye, si nimesikia, si kila mtu amesikia, mtu aliyekubali haongezewi kitu, karatasi ikipatikana kwake ni sawa tu na alivyosema, mimi sitakuwa nimeongeza, nitakuwa nimepanga tu, naitoa kifuani kwa kikohozi, nainama kama anayefunga kamba ya kiatu, zipu haikufungwa, mkono unaingia, filimbi, saa, chapati moja ndani ya gazeti, haijaumwa, hajala tangu asubuhi huyu mtoto, huyu mzee, huyu mtoto… toa mkono, najiambia, toa, wewe mwanamke, mwenye ndevu leo ni wewe, na mkono hautoki, vidole vimeganda, na mbona pamenyamaza, mbona mluzi umekatika, na sauti nyembamba inatoka kwenye kipaza sauti, mdogo amekishika kwa mikono miwili, anasema, shosho, hicho ni cheti changu, shosho, mbona unakitia kwenye mkoba wa kocha, na wote wamegeuka, mwavuli umegeuka, wasichana wa mstarini wamegeuka, na Rosaline amenikamata mkono, ameuchomoa, ameuinua juu kabisa karatasi ikiwa ndani, ndiye huyu, anapiga kelele, tazameni, ndiye huyu, nami siuvuti, wacha waone, na kule chini kocha amefunika uso kwa kofia.