Milio Mitano Kwenye Mazishi ya Ndikumana

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumatano, mlio wa kwanza ulisikika juu ya mteremko unaoshuka kwa mzee Ndikumana, kata ya Ntobeye. Jeneza lilikuwa limeingia nusu kaburini. Wanaume wanne walioshika kamba walisimama. Ukafuata mlio wa pili, wa tatu, kisha miwili ya harakaharaka, na pikipiki ya Mwalimu Agripina ikatokea kwenye kona ya migomba, mwenyewe juu yake, kofia ngumu kichwani na mfuko wa karatasi za mtihani mgongoni.

Alizima injini, akavua kofia, akasogea kaburini. Hakuna aliyempisha.

"Mwalimu," alisema Hategekimana, mtoto mkubwa wa marehemu, bila kupaza sauti. "Sasa umefurahi?"

Agripina hakulielewa swali lile mpaka kesho yake, alipoletewa barua ya kikundi cha kufa na kuzikana. Barua ilisema kwamba yeye, mwanachama namba ishirini na saba, "alizima na kuwasha swichi ya pikipiki kwa makusudi ili kulipua ekzosi na kukejeli maiti." Aliitwa Jumapili, siku ya kumaliza msiba. Hoja ilikuwa moja: aondolewe.

Aliisoma mara mbili. Katika sentensi nzima, jambo la kweli lilikuwa moja tu, kwamba ekzosi ililipuka. Swichi hakuigusa. Nia hakuwa nayo. Na walioandika hawakumuuliza hata neno.

Alijua walikotoa wazo hilo. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha sokoni hufanya hivyo wakisindikiza harusi: wakiwa kwenye mteremko huzima swichi, petroli inapita bila kuungua mpaka kwenye bomba lenye moto, kisha huwasha, na bomba hupiga kama bunduki. Kila mtu Ntobeye anaujua mchezo huo. Kila mtu alijua pia kwamba mwezi wa tano Agripina alimshinda Ndikumana kwenye baraza la kata kwenye kesi ya mikaratusi iliyo mpakani mwa mashamba yao. Wakajumlisha mawili, wakapata jibu. Baadhi ya waliojumlisha hivyo aliwafundisha fizikia yeye mwenyewe kwa miaka minne, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mama yake, Eustakia, alikuwa na miaka themanini na minne, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu akiugua kitandani. Kikundi ndicho kinachochimba, kinachobeba, kinachopika. Mwaka juzi, kijiji cha jirani, mtu mmoja aliyeondolewa kwenye kikundi chao alimchimbia mkewe kaburi akisaidiwa na wanawe wawili tu. Walikutana na mwamba. Mama wa watu alilala ndani siku mbili bila kuzikwa.

"Kwani ulifanya?" Eustakia aliuliza.

"Sikufanya, mama."

"Basi nenda kaombe radhi yaishe."

"Niombe radhi ya nini?"

"Ya kuishi nao."

Agripina alitoka nje, akampigia simu Malongo, fundi pikipiki wa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo. Alikuwa amepita kwake ile Jumatano asubuhi akitoka kusahihisha mitihani, kwa sababu boliti moja ya kushikia ekzosi ilikuwa imekatika. Malongo aliifungua, akaweka nyingine, akafunga. Baada ya hapo, kwenye miteremko miwili njiani, pikipiki ilitoa milio. Kabla ya hapo haikuwahi.

"Mwalimu, hayo ni mafuta," alisema Malongo. "Ulijaza ya chupa hapa kwa jirani yangu, si ndiyo? Ni mepesi hayo. Nenda sheli ya mjini, jaza ya namba kubwa. Tisini na tano. Yana nguvu."

"Namba ile si nguvu, Malongo. Ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Injini yangu ni ndogo, haigandamizi sana. Na mlio wangu hautoki ndani ya silinda. Unatoka kwenye bomba, nikiachia mkono wa mafuta kupunguza mwendo."

"Haya. Mimi nakwambia ya ufundi, wewe unaniambia ya ubaoni."

"Uliporudisha ekzosi, uliweka ringi mpya ya kuzibia kiungo?"

"Ringi ya zamani ilikuwa nzuri tu."

"Uliirudisha?"

"Mwalimu, nina mteja hapa."

Agripina hakutaka kumhukumu mtu kwa kudhani, kama yeye alivyodhaniwa. Alianza na petroli. Alishuka mteremko wa nyuma ya shule mara tatu na mafuta yale ya chupa, gia ya tatu, akiachia mafuta kwenye mti uleule: milio mitano, mitano, minne. Ijumaa alikwenda Ngara mjini, akamimina ya chupa yote kwenye dumu, akajaza kwenye pampu iliyoandikwa tisini na tano, akarudi mteremkoni. Mitano, minne, mitano. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari. Petroli haikuwa na kosa.

Kisha aliwasha injini, akaiacha ingurume polepole, na kupaka povu la sabuni pale bomba linapoungana na injini. Povu lilipeperuka upande mmoja, likavutwa, likapeperuka tena. Alizima, akasubiri chuma kipoe, akafungua nati mbili. Ringi ya shaba inayoziba kiungo haikuwepo. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia kwenye bomba kila alipoachia mafuta, inakutana na petroli isiyoungua na bomba la moto. Ndiyo hiyo milio yote.

Duka la vipuri la Ngara lilikuwa nazo tele. Hakununua. Alifunga nati kama zilivyokuwa, kwa sababu kasoro ile sasa ilikuwa shahidi wake, na shahidi hatengenezwi kabla ya kesi.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikaa kwenye ua wa marehemu, chini ya turubai. Agripina alifika akisukuma pikipiki, injini imezimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Nyandwi, mwenyekiti, macho kwenye karatasi. Akaisoma barua kwa sauti. Alipofika kwenye "kukejeli maiti" wanawake waliguna.

"Mwalimu, una la kusema?"

"Nina swali. Nani aliuona mkono wangu kwenye swichi?"

"Tulisikia," alisema Hategekimana. "Watu themanini tulisikia."

"Mlisikia mlio. Niambie nani aliona mkono."

"Mwalimu, hapa si darasani! Baba yangu amening'inia kwenye kamba, wewe unampigia fataki!"

"Swichi ya pikipiki hii imelika," alisema Agripina, na sauti yake sasa ilitetemeka kwa hasira, ingawa maneno hayakutetemeka. "Ufunguo unachomoka injini ikiwa inanguruma. Bila ufunguo huwezi kuzima wala kuwasha. Njoo uone."

Aliwasha, akachomoa ufunguo. Injini iliendelea kunguruma. Akaushika mkono wa Hategekimana, akamwekea ufunguo kiganjani, akamfunga vidole.

"Shika. Usimpe mtu. Mzee Nyandwi, njoo wewe na wengine wawili mkae kwenye kona."

Alipanda mpaka juu. Watu walitoka chini ya turubai, wakajipanga kando ya barabara. Hategekimana alisimama mbele yao na ngumi aliyoifumba. Agripina alishuka gia ya tatu, akaachia mafuta, akainua mkono wa kushoto juu ili wauone, na ekzosi ikapiga mara nne. Mbuzi wa jirani alikata kamba.

"He! Hategekimana, umelipua wewe!" mama mmoja alipiga kelele. "Ufunguo si unao wewe?"

Walicheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

Agripina aliegemeza pikipiki, akaeleza habari ya ringi kwa sentensi tatu. Hategekimana alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua inalia," alisema. "Umetoka nayo huko Biharamulo inalia. Na bado ukashuka nayo hapa."

Lilikuwa swali halali, la kwanza siku zote nne.

"Ililia mara mbili njiani, na nilisikia. Tangazo lilisema mazishi saa kumi. Mliyawahisha kwa sababu ya mvua. Mimi sikuambiwa, nikajua nafika kabla hamjaanza."

"Ni kweli tuliyawahisha," alisema Nyandwi. Akakunja karatasi. "Basi, Mwalimu, hapa tulipofika si pabaya. Omba radhi kidogo, tufunge, watu wale."

"Mama Domisiana nampa pole kwa mlio," Agripina alisema, akimgeukia mjane. "Ulikuvuruga siku ya kumzika mzee wako, na nasikitika kweli. Lakini kikundi sikiombi radhi. Kikundi kimeandika kwamba nilikejeli maiti. Ni uongo, na kabla ya kuuandika hamkumwuliza hata mtu mmoja. Ufuteni."

"Unaona kiburi!" sauti ilitoka nyuma. "Amesamehewa, anadai!"

"Sijasamehewa. Sikukosa."

Nyandwi alimtazama mjane. Domisiana alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani.

"Mwalimu na mzee waligombana mchana, hadharani," alisema. "Mwalimu hakuwahi kumvizia. Futa hiyo, Nyandwi."

Nyandwi aliomba rula. Alipiga mstari juu ya sentensi, akaweka sahihi pembeni, akaisoma barua upya bila sentensi ile. Halafu akaita kura ya wanaotaka mwanachama namba ishirini na saba abaki.

Mikono thelathini na mmoja ilisema abaki. Tisa ilikataa. Hategekimana hakuinua mkono hata mara moja.