Mafuta Meusi ya Shemeji Lakhdar

Siku ile gari lilitaka kumuua mtu. Tulikuwa kwenye mteremko wa kushukia darajani, hapa mjini Constantine, mimi na mwanafunzi wangu Yamina, mkunga mstaafu mwenye miaka hamsini na minane aliyeamua kujifunza udereva baada ya mumewe kupofuka. Tulisimama kumpisha mzee aliyekuwa akivuka na kikapu cha mikate. Yamina amekanyaga klachi vizuri, gia namba moja imeingia, mguu wa kulia juu ya breki, kama nilivyomfundisha. Akaanza kulegeza breki. Ghafla gari likaruka mbele.

Nilivuta breki ya mkono na kukanyaga breki ya upande wangu. Gari lilizimika likiwa limegusa kikapu. Mikate ikamwagika barabarani. Mzee alikaa chini, mzima, akitutukana mpaka babu zetu.

"Sikuachia klachi, Ghania," Yamina alisema. "Wallahi, iko chini mpaka sasa. Tazama."

Nikatazama. Pedali ilikuwa imelala sakafuni, na mguu wake haukuwa umeinuka hata kidogo. Akaondoa mguu, pedali haikurudi.

Tuliokota mikate, nikamwomba mzee radhi, tukasubiri klachi ipate nguvu kidogo, kisha tukaenda polepole hadi gereji ya Lakhdar, mdogo wake mume wangu. Ni yeye anayetengeneza gari langu tangu nifungue shule hii ya udereva. Mwezi wa nne nilimwambia pedali imekuwa laini kama ndizi iliyoiva. Akalibakiza gari siku nzima, kisha akaniambia amebadilisha mafuta yote ya klachi.

Alitupokea akicheka mbele ya wateja wake wawili waliokuwa wakinywa kahawa.

"Shemeji, wanawake wako wanakanyaga klachi kama wanaponda nyanya! Chuma gani kitavumilia?"

"Lakhdar, pedali imebaki chini. Nusura tuue mtu."

"Ni miguu hiyo. Wafundishe kuvaa viatu vya maana." Akafungua boneti, akaonyesha kikopo cha mafuta. "Ona mwenyewe. Safi, rangi ya asali. Mafuta hayana kosa."

Kweli, kikoponi yalikuwa safi. Lakini nimefundisha udereva miaka kumi na tisa, na siku zote hizo sijakaa na fundi bila kutazama mikono yake.

"Fungua kule chini, kwenye giaboksi. Tuone yaliyo ndani ya bomba."

"Leo nina kazi nyingi."

"Basi nipe spana."

Akacheka tena. Mimi nikavua koti, nikachukua spana mezani kwake bila kungoja ruhusa. Nikachomeka kimpira kwenye nipo, kile kijiskurubu cha kutolea upepo, ncha nyingine nikaiweka ndani ya chupa tupu ya maji. Yamina akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga, ushikilie."

"Miaka thelathini nimewaambia wengine wasukume," Yamina akasema. "Leo zamu yangu."

Nikalegeza nipo. Yakatoka meusi. Meusi kama masalia ya kahawa, mazito, yenye vipande vidogo vya mpira uliooza. Nikafunga, Yamina akainua pedali kwa mkono, akakanyaga tena. Meusi. Mara ya tano, bado meusi. Wale wateja wawili waliacha vikombe vyao, wakaja kusimama nyuma yangu.

Nikamwinulia Lakhdar chupa usoni.

"Haya ndiyo uliyobadilisha?"

"Nilitoa ya juu, nikaongeza mapya. Kila fundi anafanya hivyo."

"Uliniambia yote!"

"Punguza sauti, shemeji. Watu wanasikia."

"Wasikie! Hiki kikopo kinalisha klachi na breki pia, Lakhdar! Wasichana wa watu wanakaa kwenye kile kiti. Nilikuletea malalamiko, wewe ukayafanya utani wa miguu ya wanawake!"

Mteja mmoja akaenda kimya kimya kufungua boneti ya gari lake.

Tuliendelea mpaka mafuta yakatoka safi, nikiongeza kikoponi kila mara ili upepo usiingie. Pedali ikarudi, ngumu, nzuri. Lakini sikuliamini tena. Siku hiyohiyo nililipeleka kwa fundi mwingine, akabadilisha mipira ya klachi na kusafisha mabomba ya breki yote. Mume wangu aliniambia nimemwaibisha nduguye. Nikamwambia akatafute pa kulia.

Hasira iliyobaki ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hiyo haikuwa na spana. Mwezi wa sita, Nassima, mwanafunzi wangu mwingine, binti mpole anayeuza dawa, alinizimishia gari mara nne siku ya mtihani. Gia zilikuwa zikigoma kuingia. Nilimkaripia mbele ya mtahini: "Una mguu mzito, hutaweza kamwe." Akashuka akilia, hakurudi.

Nilikwenda dukani kwake Jumamosi. Nikamweleza yote, mpaka rangi ya yale mafuta.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kaunta.

"Nilikwambia pedali inazama," akasema. "Nilikwambia mara tatu, Bi Ghania. Ukaniuliza nimevaa viatu gani."

"Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Nimekaa miezi mitatu nikijiona mjinga."

Mteja akaingia na cheti cha daktari. Nassima akampokea, akamtafutia dawa, akamweleza namna ya kuzimeza. Mimi nilisimama pale pale. Alipomaliza, akanitazama kwa hasira ileile.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema. "Na kabla sijapanda, nitafungua boneti mwenyewe."