Mswaki, Mpira na Kichupa cha Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi friji. Kwa kuwa alishinda kutwa na mashine za watu, ungedhani akirudi nyumbani asingetaka tena kusikia mlio wa mota. Lakini sebuleni kwake, pale ambapo wengine huweka kabati la vyombo, aliweka tangi la kioo la samaki wa maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani alipanga mawe, na juu ya mawe akaotesha matumbawe. Pampu ilinguruma polepole usiku na mchana. Mgeni aliisikia alipoingia tu, halafu akaizoea. Sisi tuliisikia tena siku aliyokufa.

Alifia kazini, amepiga magoti nyuma ya friji la mteja, bisibisi mkononi. Watu wakimtaja husema alikuwa fundi hodari. Mimi nikimkumbuka namwona Jumamosi asubuhi, amekunja shati mpaka begani, mkono umezama majini, anasugua mawe kwa mswaki mkuukuu. Pembeni yake yupo wifi, mkewe, ameshika mpira mwembamba wa kunyonya maji.

Tangi la namna ile huota mwani, hata ufanye nini. Ni nyuzi za kijani, laini kama nywele, na ukiziacha hufunika mawe na kuyanyima matumbawe mwanga. Kaka alikuwa na dawa mbili za mwani: mswaki na uchoyo.

Mswaki ulikuwa kazi ya watu wawili. Yeye alisugua, na wifi akaufuata mswaki kwa mdomo wa mpira, ili kila uzi uliong'oka unyonywe mara moja na kumwagika ndooni. Mpira wenyewe haukuanza kunyonya mpaka mtu auvute kwa mdomo kwanza, na mtu huyo alikuwa wifi. Kila Jumamosi funda moja lilimjaa mdomoni, akalitema ndooni, akalalamika.

"Mwanaume gani huyu, ameoa mke amnyweshe chumvi?"

"Nilikuahidi nyumba yangu haitakosa chumvi," Kaka alijibu bila kugeuka. "Nimekudanganya?"

Uchoyo nao ulikuwa wa kichupa. Jumapili alipima chakula cha samaki cha wiki nzima, akakitia kwenye kichupa cha dawa kilichokwisha, akakiweka juu ya mfuniko wa tangi. Yeyote aliruhusiwa kuwalisha samaki, lakini kikiisha kimeisha mpaka Jumapili nyingine. Mama yetu, aliyekuwa akiishi nao, aligombana na kichupa kile miaka yote.

"Mkono wa birika wewe! Hebu ona wanavyonikodolea macho, kama nimewanyang'anya sahani."

"Hao wanakuomba tu, Mama, hawana njaa. Mwenye njaa ni mwani. Ukiwapa kikabaki, kinaoza, mwani unakula."

"Mwani nao si kiumbe?"

"Basi upikie wali, Mama."

Mama alikuwa akijizuia kucheka, akashindwa.

Baada ya mazishi nilihamia pale, ili Mama na wifi wasibaki peke yao. Mjomba, ndugu wa Mama, alikuja kila Jumapili. Mara ya kwanza alileta kopo la chakula cha samaki kubwa kama la maziwa ya unga, akaliweka juu ya tangi na kukisogeza kichupa kando.

"Wasije wakasema tangu baba yao aondoke wanalala njaa," alisema.

Tulimshukuru sana.

Haukupita muda, mwani ukaja. Ulianza kwenye jiwe moja la nyuma, ukashuka, ukapanda mabomba ya pampu, ukawa unayumba na maji kama nywele za mtu aliyelala. Matumbawe yalianza kujikunja. Lililotutia hofu zaidi lilikuwa lile la zambarau. Kaka alilileta mwaka waliooana, kipande kama ukucha kilichogundishwa kwenye kijiwe, na sasa lilikuwa limefungua matawi kama kiganja. Tawi moja lilikuwa limeanza kuwa jeupe upande wa chini.

Nilijaribu. Nilishika mswaki mkono wa kulia na mpira wa kushoto, lakini nikikazana na huu, ule unachomoka. Nyuzi ziliruka kila mahali, zikatua kwenye mawe safi, na baada ya siku chache zikaota huko pia. Nilikuwa napanda shamba badala ya kupalilia. Wifi alikuwa akipita kwenda jikoni bila kutazama upande ule. Tangu msiba hakuwa ametia hata kidole kwenye maji yale, na mimi sikuwa na moyo wa kumwomba.

Jioni moja alisimama mlangoni, taulo begani.

"Nimempigia yule muuza samaki wa mapambo," alisema. "Mwisho wa mwezi atakuja na ndoo zake, achukue kila kitu."

"Wifi, tusubiri kidogo."

"Nisubiri nini? Lile tumbawe linakufa, unaliona. Mimi siwezi kukaa sebule hii nikatazama kitu chake kingine kikifa. Likiwa kwa watu nitajua lipo hai. Inanitosha."

Mama, aliyekuwa kitini akitusikiliza, aliinuka, akafungua kopo, akawatilia samaki chakula.

Jumapili iliyofuata Mjomba alikuja, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi kama kawaida yake. Alichota chakula kwa vidole vitatu.

"Nimeshawapa, kaka," Mama alisema kutoka kwenye kiti.

"Kidogo tu, dada. Mimi nawaona mara moja kwa wiki." Akanyunyiza. "Mbona hawali? Wanaumwa?"

Ni kweli, chakula kilikuwa kinashuka polepole mbele ya pua zao, na samaki walikitazama tu. Yule wa njano, ambaye Kaka alimwita Mwenye Nyumba kwa kuwa aliwafukuza wenzake kila kona, aligeuka na kuonyesha mkia.

"Wameshiba," nilisema. "Mimi niliwapa nilipoamka."

"Wewe nawe?" Mama alinigeukia. "Mimi nawapa nikimaliza kusali."

"Nilidhani umesahau, Mama. Ndiyo maana."

"Nisahau samaki wa mwanangu?"

Tukamsikia wifi akiweka sufuria chini jikoni. Alitokea, mikono ina povu la sabuni.

"Kwani nyinyi wote mnawalisha?"

"Na wewe?" Mjomba aliuliza.

"Mimi... usiku, kabla sijalala." Alisema kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Kidogo tu."

"Kidogo tu," Mjomba alirudia, akalitazama kopo lake kubwa. Akalitikisa. Lilikuwa karibu tupu. "Haya matumbo ya samaki jamani, au tumefungua hoteli?"

Wifi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, kikamzidi nguvu, akakaa chini sakafuni na mikono yake ya povu. Mama akafuata. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu msiba. Mjomba alizidi kujitetea na sisi tukazidi kuvunjika mbavu.

Kisha wifi alikuwa analia, na hatukujua ni lini kicheko kilikuwa kimegeuka. Tulimwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso kwa bega, akaitazama ile misitu ya kijani nyuma ya kioo.

"Angetucheka sana," alisema. "Angesema mwani hauna kosa, umekuta meza imeandaliwa."

Akanyanyuka.

"Wifi, chukua mswaki. Mpira uko wapi?"

Aliuvuta mpira kwa mdomo, akapata funda lake, akalitema ndooni. Hakulalamika. Alibaki ameinama juu ya ndoo kidogo, kisha akasema, "Haya, sugua." Nilisugua jiwe moja baada ya jingine, naye akanifuata nyuma ya mswaki, mdomo wa mpira haukupotea hata mara moja. Mkono wake ulijua njia. Nilipofika kwenye tumbawe la zambarau alinishika kiwiko.

"Hapo taratibu. Yeye alitumia kidole."

Nami nikatumia kidole.

Mjomba aliondoka na kopo lake. Wifi alikitafuta kile kichupa, akakiosha, akakitia chakula cha wiki, akamkabidhi Mama awalishe samaki yeye peke yake, mara moja kwa siku, kidogo. Kilikwisha siku ya pili.

"Mama!"

"Sasa nifanyeje? Nikisimama pale huwa naongea naye," Mama alisema, akitazama magoti yake. "Nitaongea naye mikono mitupu?"

Wifi alikaa karibu yake. "Simama hivyo hivyo, Mama. Hawaji kwa ajili ya chakula tu. Nenda ukaone."

Mama hakuamini, lakini hakudai kujaziwa kichupa.

Jumamosi zilizobaki mimi na wifi tulisugua. Mwani haukuisha, haujawahi kuisha, ila kila wiki ulirudi mfupi zaidi. Muuza samaki alipogonga, sisi tulikuwa kazini, mikono imelowa. Aliweka ndoo zake mbili chini, akainama mbele ya kioo. Lile tawi jeupe lilikuwa limekufa kweli. Mengine manne yalikuwa mazima, na ncha zake zilikuwa zimeanza kuchanua upya, zambarau ya kung'aa.

"Hili halifi," alisema. "Kateni hilo tawi bovu tu. Sasa, nianze kubeba?"

Wifi alinitazama. Kisha akainua ndoo yetu ya maji machafu, nyuzi za kijani zimejaa juu.

"Kama lazima uondoke na kitu, beba hii."

"Shemeji, mimi nina duka, sina jalala."

"Basi pole kwa safari. Kaa unywe chai."

Alikunywa, akaondoka na ndoo tupu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama amesimama mbele ya tangi, mikono nyuma. Samaki wote walikuwa wamekuja mbele, wamejipanga kwenye kioo usawa wa uso wake, na alikuwa akiwaambia jambo kwa sauti ya chini. Sikusogea. Alipokwenda kukaa, walingoja kidogo, wakaona hakuna kitu. Mwenye Nyumba, ambaye siku za kopo hakuyajali mawe kabisa, akageuka, akaenda kwenye jiwe la nyuma, akaanza kuung'oa na kuula mwani uliobaki, uzi kwa uzi.