Mji Aliopewa Abilahi

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, pale Miteja, Abilahi alikuwa mwanamume pekee aliyekaa mkekani kliniki na wajawazito. Wenzake wakimwona anapita: "Shikamoo, mama mjamzito!" Naye huitika, "Marahaba, wanangu." Alimpenda Mwanasha, mkewe, basi.

Nesi Romana aliwafundisha: mtoto akitanguliza mkono, msivute, msingoje. Hospitali.

Uchungu ukaja asubuhi moja ya msimu wa korosho. Ndani walikuwa mkunga na mama mkwe, Bi Mwanaima. Abilahi kaketi nyuma ya nyumba, sikio ukutani, kwani mkwe kwa mkwewe ni heshima: hamtazami usoni, wala hamtajii mambo ya uzazi. Akasikia mkunga ananong'ona, "Yallah! Umekuja mkono."

"Tumngoje mjomba wake," akasema Bi Mwanaima. "Mtoto wa watu hatolewi kijijini bila neno la mjomba."

Mjomba yuko Kiswere! Mpaka aitwe, mpaka afike, ni kesho au keshokutwa, na Mwanasha hana kesho. Abilahi aseme nini, na kwa kinywa gani? Ulimi wa mkwe umefungwa. Lakini kitendawili hakina mkwe.

"Kitendawili!" akaita.

"Huyu kachanganyikiwa," mkunga akasema.

"Kitendawili, mama!"

"Tega," likamtoka Bi Mwanaima kwa mazoea.

"Mgeni wangu kabisha hodi kwa mkono, na mlangoni hapiti."

Bi Mwanaima akajibu toka ndani: "Jibu ninalo, baba, ila halisemeki kwako. Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani, mama?"

"Nakupa Kivinje. Wote, na hospitali yake."

Abilahi huyoo, mbio hadi kwenye lori la ushirika lililokuwa likipakia korosho. Wale wale waliomcheka wakashusha magunia, wakapakia kitanda na mtu wake.

"Itabidi tumpasue," akasema daktari huko Kivinje. "Nani anaamua?"

Bi Mwanaima akamtazama mkwewe usoni, mara ya kwanza tangu ndoa. "Muulizeni huyu. Ndiye aliyesoma kliniki."

Abilahi akatia dole gumba. Alasiri kitoto cha kike kikalia, na Mwanasha akazinduka anaulizia uji.

Mjomba alifika siku ya tatu, kanuna. "Nani aliamua?"

"Mimi, mjomba," Abilahi akajibu, kapakata mwanawe. "Na nikizaa wa pili nitaamua tena."

"Ukizaa wewe?"

Bi Mwanaima akacheka mpaka akakaa chini.