Juu ya Ghorofa ya Kumi na Mbili

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Serikali ilisema hakuna jengo la kuishi watu mjini kwetu litakalozidi ghorofa kumi na mbili, kwa sababu ngazi ya gari la zimamoto haifiki juu ya hapo. Mtu mwenye akili zake atabishia nini? Hata mwenye jengo letu hakubisha. Alijenga kumi na mbili, akapumua, kisha akaongeza tatu. Tulimwita Bado Kidogo, maana kila ukimuuliza kuhusu kibali, jibu lake lilikuwa hilo. Sisi tuliishi ghorofa ya kumi na nne: mimi fundi cherehani, mke wangu nesi, na mamamkwe wangu, ambaye magoti yake yalistaafu zamani.

Siku wakaguzi walipokuja hawakuvunja kitu. Walipanda mpaka juu kabisa, wakakata umeme wa ghorofa zile za ziada, wakafunga mlango wa paa kwa mnyororo, wakashuka wakijipangusa mikono. Hawakufikiria kwamba mota ya lifti ya jengo zima ilikuwa huko huko, nyuma ya mnyororo wao. Lifti ikafa, pampu ikazimika, na maji yakaacha kupanda. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na sisi ndio tuliokuwa ubao. Tukaamriwa tuhame.

Nikaenda ofisini kwao.

"Mheshimiwa, fungueni lifti siku moja tu, tumshushe mama, tuhame."

"Lifti haifunguliwi mpaka wapangaji wa juu wote wawe wamehama."

"Ndio sisi hao. Tutahamaje?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Kuna ngazi, ndugu yangu."

"Mama hawezi ngazi."

"Basi mbebeni."

Alilisema kirahisi. Labda hakuwa na mamamkwe, au alikuwa naye na haya hana. Mimi na mama tuliheshimiana mpaka tukachoshana. Nikitaka kupita sebuleni kwenda jikoni, nilipiga hodi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Yeye alijitanda nguo, akageukia ukutani, akasema, "Karibu, baba," nami nikapita nikitazama vidole vya miguu yangu. Miaka yote ile hatukuwahi hata kupeana mkono. Huyo ndiye nimbebe mgongoni!

Mke wangu alijaribu, wiki ile ya kwanza. Mama alikuwa mnene, mwenye mwili wake. Hawakumaliza hata ghorofa moja, wakajikuta wamekaa chini wote wawili, binti kashika kiuno, mama anacheka mpaka machozi. "Niacheni juu," akasema. "Mimi gunia la chumvi."

Tukawaleta wapagazi wawili kutoka sokoni, pamoja na kiti. Hapo ndipo nilipomjua vizuri Bado Kidogo. Ngazi za ghorofa zake za wizi alizibana ili vyumba viongezeke, na kiti kilipofika kwenye kona kikakwama. Mbele hakiendi, nyuma hakirudi. Mama kakaa katikati ya kuta mbili, mpagazi mmoja juu, mwingine chini, na mimi nimegeuka kwa adabu, nautolea ukuta maelekezo.

"Bibi, inama kidogo," akasema yule wa chini.

"Nikiinama utaniinua wewe?"

Tulicheka sana. Lakini tulipomrudisha ndani yeye hakucheka tena. Alikaa dirishani, akasema kwa nyuma ya pazia, "Baba, mimi mmenizika na bado napumua."

Majirani wa juu wakahama mmoja mmoja, wenye magoti yao. Tukabaki sisi. Wateja wangu hawakukubali kupanda ngazi zote zile kwa ajili ya suruali, nikawa nawapima chini mlangoni na kushona juu. Maji nilipandisha kwa madumu, asubuhi na jioni, na kila kona nilimtukana Bado Kidogo, ukoo wake na wakaguzi wake. Ngazi tupu zinavuma, nami nilifurahia kujisikia. Nikifika mlangoni nameza matusi, napiga hodi, naweka maji jikoni. Chakula cha mama nilikiacha kwenye stuli, nikaondoka ili ale kwa uhuru wake. Sahani nilizikuta tupu.

Kisha dada yake mama akaugua. Katika watoto wa mama yao walibaki hao wawili tu. Dada huyo aliishi kwa mwanawe, upande wa pili wa mji, na kila asubuhi alipiga simu.

"Unakuja lini?"

"Nakuja, dada. Lifti ikipona."

"Lifti gani hiyo inaumwa kunishinda mimi? Njoo nikuone, nisije nikaondoka hivi hivi."

Asubuhi moja aliyepiga alikuwa yule mwanawe. Daktari alisema wakae naye nyumbani, hospitali haina tena la kufanya. Mke wangu alikuwa kazini. Mimi nilikuwa kwenye cherehani pale ukumbini, nikamsikia mama analia kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka mkwe asikie. Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Nikapiga hodi.

"Karibu, baba."

"Mama, nitakubeba mimi."

"Haiwezekani."

"Najua."

"Watu watasema nini?"

"Watu gani, mama? Wa huku juu wote wamehama."

Alijipanga nguo zake, moja moja. Kisha akasema, "Geuka. Na usinisemeshe mpaka tufike chini."

Niligeuka, nikachuchumaa, nikakaza meno na mgongo. Nikaisikia mikono yake ikinizunguka shingo. Nikasubiri uzito. Nikaendelea kusubiri.

"Umeshapanda, mama?"

"Nimepanda."

Nilinyanyuka kwa nguvu zote nilizojiwekea, nikakaribia kujibamiza mlangoni. Jora la kitambaa lilikuwa zito kuliko yeye. Chini ya zile nguo alizojitanda mlikuwa na mifupa mitupu. Mimi, ninayejua viuno vya nusu ya mtaa, sikuwahi kumtazama mama huyu, kwa adabu. Na binti yake, anayewapima watu uzito kutwa, akirudi alikuwa amechoka, analala. Nilishikwa na hofu kuliko haya.

Hatukufika mbali nikavunja amri yake. "Mama, kumbe huli?"

"Nakula."

"Mama."

Tukaipita kona iliyokikwamisha kiti. Akiwa mgongoni kwangu, mama alipita bila hata kugusa ukuta. "Chakula kimeliwa na kunguru wa dirishani. Mlaji huenda chooni, baba," akasema. "Choo kinataka maji. Na maji unayapandisha wewe. Nilikuwa nakusikia unavyotukana."

Nilitaka kumwambia kwamba matusi yale hayakuwa yake. Kumbe ningeweza kumshusha siku yoyote, wiki hizi za mwisho, huku nikipiga mluzi, na mimi nilikuwa nahangaika na mnyororo wa paa. Nikashuka naye.

Kwa dada yake niliingia naye mgongoni vile vile, mbele ya wakwe waliojaa chumbani, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nikamweka kitandani, pembeni ya mgonjwa. Dada akamshika mkono, akaupapasa taratibu kuanzia kiganjani mpaka begani, kisha akarudia tena.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona wewe ndiye unayetangulia?"

Nikamwomba mpwa wa mama alete chakula, chochote kilichopo jikoni. Mama akamwambia asisumbuke, ameshiba.