Lumbesa na Vidonge Kumi

TANGAZO
Kwa makuli wote wa Ghala la Bonde Jipya. Imebainika kuwa ajali ya Jumanne imesababishwa na ulevi. Kila kuli ajaze fomu na kuweka sahihi kabla ya saa sita mchana, Alhamisi. Asiyesaini asirudi kazini.
J. Sanga, Msimamizi


1.

Mwongo.


2.

Nimetanguliza hasira, nisamehe. Ngoja nianze na mgongo wa Ambakisye, maana yote yalianzia hapo, chini kidogo ya mkanda wa suruali, upande wa kushoto. Jumatatu asubuhi alikuwa katikati ya ubao unaopanda kwenye lori, gunia la viazi begani, kiuno kikakaza ghafla, kikagoma. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Wenzake walimtua gunia, kisha wakamtua yeye.


3.

Gunia la kwenye karatasi: kilo mia moja.
Gunia lenyewe: hizo mia, halafu kilemba cha viazi kilichofungwa kwa kamba juu yake, hadi mdomo wa gunia hauonekani. Hilo ndilo lumbesa. Limepigwa marufuku miaka nenda rudi, na kila siku linapanda lori.

Wewe uliyekula chipsi juzi, huenda ulikula kile kilemba.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.


4.

(Bahasha ya dawa, mwandiko wa Daktari Mbughi wa zahanati)
Ya kulegeza misuli. Vidonge 10. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku 5.

Mengine daktari aliyasema kwa mdomo. Misuli ya kiuno imekaza, dawa itailegeza, lakini italeta usingizi na kizunguzungu. Kwa hiyo asiguse pombe, asibebe kitu, asipande ubao. Asilale kutwa pia, atembeetembee taratibu. Na dawa ni yake peke yake.

Ambakisye aliyasikia yote. Hilo la mwisho halikumwingia.


5.

Lingemwingiaje? Kwenye kijiwe chao nje ya geti hakuna cha peke yake. Lusekelo alipoleta asali kutoka kwao, waliilamba wanane kwa kijiko kimoja. Sasa mtu arudi na dawa ya kiuno, aifiche mfukoni, na viuno saba vinalia mbele yake? Angeitwa mchoyo mpaka kaburini.

Kidonge kimoja alikimeza Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi akajikongoja hadi kijiweni, kusalimia tu, akafungua bahasha.

Mwaipopo, kiuno tangu Pasaka: kimoja.
Asajile, kiuno na shingo: kimoja.
Gwamaka, haumwi popote, ila kinga ni bora: kimoja.
Wengine watatu: kimoja kimoja.
Lusekelo, aliyecheka na kusema leo atabeba mawili mawili: kimoja.
Ambakisye mwenyewe: kimoja.

Kikabaki kimoja.


6.

saa tatu

        ubao

                ubao

                        usingizi

                                goti


Lusekelo alianguka kutoka juu ya ubao, na lumbesa likamwangukia mkono. Gunia likapasuka, viazi vikabingirika hadi getini. Mfupa ulivunjika mahali pawili.


7.

FOMU
Mimi ........................ nakiri kuwa Jumanne nilikunywa pombe pamoja na Lusekelo. Gunia alilobeba lilikuwa na kilo mia moja kamili. Ghala halihusiki na matibabu yake.
Sahihi ........................


8.

Nyumbani, Ambakisye aliiweka ile fomu juu ya meza. Aibu ilimkaba kuliko maumivu. Kile kidonge kilichobaki hakuweza kukimeza tena, ingawa kiuno kilikuwa kinawaka. Alimwambia mkewe, Tupokigwe, kwamba akisaini anarudi kazini, na mambo yanaisha.

Tupokigwe alimenya kiazi kimoja hadi mwisho ndipo akajibu.

"Baba Tumaini, nani alimpa Lusekelo kidonge?"

"Mimi."

"Basi kaseme hivyo hivyo."


9.

Mimi AMBAKISYE
̶p̶o̶m̶b̶e̶  kidonge changu cha mgongo. Nilimpa mimi. Kosa langu.
̶k̶i̶l̶o̶ ̶m̶i̶a̶ ̶m̶o̶j̶a̶ ̶k̶a̶m̶i̶l̶i̶  Gunia lipimwe.


10.

Alhamisi, saa tano na nusu. Sanga aliisoma ile fomu, akacheka, akasema gunia la Jumanne lilishapasuka, watapima nini. Ambakisye akamwonyesha ukutani. Ndugu za gunia lile walikuwa wamejipanga pale, shamba lile lile, kamba ile ile, vilemba vile vile.

Sanga akasema sawa, akamwamuru Mwaipopo apeleke moja kwenye mzani.

Mwaipopo akakunja mikono.

Asajile naye.

Gwamaka, ambaye haumwi popote, akakunja yake mapema kabla hajaambiwa. Na wale watatu. Hakuna aliyekuwa amesaini; fomu zao zilikuwa zimekunjwa mifukoni. Dereva wa lori alipiga honi, akapiga tena, kisha akazima injini akateremka kutazama.

"Mzani uko hatua kumi," alisema Ambakisye. "Gunia ni kilo mia tu, umeandika mwenyewe. Libebe, msimamizi."







Sanga aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akavua koti, akaliendea gunia, akainama kama anayetafuta sarafu chini.

"Kunja magoti, kaka," Ambakisye alimwambia, na hakuwa anamdhihaki. "Usibebe kwa kiuno."

Mfukoni vidole vyake vilikuwa vimekishika kile kidonge cha mwisho. Safari hii hakikuwa cha wote; hata Sanga asingepewa.


11.

Sanga akalikumbatia gunia, akavuta pumzi, na gunia halikusogea.